Ukuta wa Cheruto

Kamati ya mazishi ilikaa Jumanne asubuhi ndani ya hema la kukodi, uani kwa Mzee Kimeli huko Keringet. Ilipomaliza habari ya jeneza na ya chakula, ikafika kwenye ukuta. Cheruto, mke wa Kimeli, alikuwa amefariki Jumapili na mwili wake ulikuwa mochari Nakuru. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Siku hiyo wageni wangekaa uani tangu saa nne hadi saa nane wakiutazama ukuta wa mbele wa nyumba yake, na kamati ilishaanza kuona haya mapema.

"Nyumba ni ya udongo," alisema Mzee Naftaly, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa. "Sisemi ni mbaya. Lakini Micah ana wageni. Bosi wake anatoka Nakuru. Mheshimiwa naye ametuma neno kwamba atapitia. Watu watapiga picha, ziende kila mahali. Mnataka tuonekane aje?"

Watu wetu wana ugonjwa huu na sijui nani atautibu. Mtu akiwa hai atavujiwa na paa miaka kumi bila jirani hata mmoja kuuliza. Siku akifa, kila mtu analiona paa.

Macho yote yakamgeukia Micah, mtoto wa kwanza wa marehemu, meneja msaidizi katika kampuni ya kuuza mbolea mjini Nakuru. Hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa ameubeba ukuta ule moyoni tangu siku wazazi wa mke wake, Becky, walipokuja kujitambulisha. Baba mkwe aliitazama michoro iliyojaa ukutani, akauliza kwa upole, "Na hawa watoto wa hapa, huwa hamwakatazi kuchora?" Micah alicheka pamoja naye, akasema ni watoto wa jirani. Mama yake alikuwa amesimama hapo hapo na birika la chai mkononi.

Michoro ile ilikuwa ya Cheruto, kazi ya miaka thelathini na tisa. Hakusoma. Udongo mweupe aliuchota mtoni, mwekundu akauchimba kando ya barabara, na weusi akaupata kwa kusaga makaa na unga wa betri zilizokwisha. Kila Desemba, alipoikandika nyumba upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, aliizunguka michoro kwa ncha ya kidole, akairudishia rangi, kisha akaongeza ya mwaka huo. Karibu na mlango walikuwapo ng'ombe wanne wa mahari yake. Ulikuwapo mwaka viazi vyote vilipooza shambani. Alikuwapo Micah na kitabu kilichomzidi kichwa ukubwa, na Zeddy binti yake juu ya mgongo wa punda, na mwanamke mmoja mwenye kiondo, kikapu cha kusuka, aliyeupa uwanja mgongo, akienda.

"Plasta," Micah alisema. "Tupige plasta, tupake rangi ya krimu. Fundi akianza kesho, Ijumaa imekauka."

"Na mzee anasemaje?" Naftaly akauliza, maana ni lazima mwenye mji aulizwe.

Kimeli alikuwa hajalala siku mbili. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Nyinyi ndio mnajua," akasema.

Ikaandikwa kwenye daftari kwamba mwenye mji amekubali.

Fundi Odongo alifika Jumatano asubuhi na wilibaro, shoka na waya wa kuku. Simiti haishiki juu ya udongo laini. Ukuta hugongwa kwanza hadi ukwaruzike na kutoboka, kisha hupigiliwa waya, ndipo plasta ipakwe. Odongo aliinua shoka, akalishusha bila kugonga.

"Boss," alisema, "hii kitu mtu aliifikiria. Si uchafu. Unataka nigonge yote?"

"Yote."

"Hata kapicha kamoja hupigi kwanza?"

"Fundi, nimekuita ugonge ama uniulize maswali?"

Odongo akagonga. Alianza juu, upande wa viazi vilivyooza, akashuka. Udongo wa miaka yote ile ulikuwa umeshikana tabaka juu ya tabaka, ukatoka vipande vipande, vingine bado vina pembe ya ng'ombe au nusu ya sketi nyekundu. Mzee Kimeli aliwatoa ng'ombe akawapeleka mtoni. Walikunywa wakatosheka, wakageuza vichwa kurudi nyumbani, naye akakataa kurudi. Alikaa huko hadi jioni.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na matope ya getini yalifika kwenye vifundo. Micah alipoona lile rundo la udongo mkavu, alifurahi kwamba amepata dawa. Akamwambia Odongo alimwage lote getini na kulishindilia, ili magari ya wageni yasinase. Alijisifu kidogo kwa wazo hilo. Alimpigia bosi wake simu kumhakikishia kwamba barabara ya kuingia ni nzuri.

Zeddy alikuwa Nakuru tangu Jumatatu akitafuta jeneza na nguo ya kumvalisha mama yake. Yeye ni mwalimu wa nasari hapo Keringet, na ndiye aliyemuuguza mama hadi mwisho. Aliporudi Alhamisi saa sita, alilipita geti bila kuangalia chini, akafika katikati ya uwanja, akasimama. Ukuta ulikuwa wa kijivu, sawa kabisa, kuanzia pembe hadi pembe.

"Micah. Umefanya nini?"

"Nimetengeneza nyumba ya Mama."

"Mama alikuwa ameshatengeneza nyumba yake."

"Zeddy, wewe umekaa hapa, umezoea. Mimi ndiye naulizwa maswali huko nje. Hii ni heshima kwake. Hakuna mtu ataketi hapa aseme Cheruto alizikwa kwa kibanda."

"Na ulipoulizwa na baba ya Becky, ulijibu aje?"

Micah hakudhani kwamba mtu mwingine anajua.

"Ulisema ni watoto wa jirani," Zeddy aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimuumiza Micah kuliko kelele. "Mama aliniambia. Alicheka akiniambia. Lakini Desemba hiyo alikandika tu, hakuongeza kitu. Nilimuuliza kwa nini, akasema mkono unauma."

Aliiweka chini mifuko yake, akaingia jikoni, akajifungia mlango. Micah alibaki uani. Hasira ilimpanda, akaanza kuwapigia kelele vijana waliokuwa wakipanga viti.

Saa tisa Mzee Naftaly alikuja na daftari. Historia ya marehemu ilitakiwa kwa mtu wa kuchapisha programu kabla ya saa kumi, la sivyo wageni wangekosa cha kushika. Waliketi sebuleni, Naftaly, Kimeli na Micah, na Zeddy akatoka jikoni macho mekundu.

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Kitambulisho kinasema sitini na sita," alisema Zeddy. "Lakini hiyo alikadiriwa tu na karani."

"Mlioana lini, mzee?"

Kimeli alifikiri. "Ngojeni niangalie," akasema, akainuka.

Walidhani anakwenda chumbani kutafuta cheti. Akatoka nje. Walipomfuata walimkuta mbele ya ukuta, karibu na mlango, mahali walipokuwapo wale ng'ombe wanne. Chini ya ng'ombe Cheruto alikuwa ameweka alama zake za misimu, mstari kwa kila mavuno, na mume wake alizoea kuzihesabu kila alipotaka kujua jambo. Alikuwa ameweka mkono juu ya simiti, ambayo ilikuwa bado baridi na yenye maji.

"Iko hapa," alisema. Halafu akasema, "Ilikuwa hapa."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Zeddy alitoa simu, akapekua picha za Krismasi, za ubatizo, za siku Becky alipoletwa nyumbani. Picha zilikuwa nyingi, na katika zote ukuta ulikuwa nyuma ya watu. Palionekana pembe juu ya bega la mjomba, rangi nyekundu kati ya vichwa viwili, na chini miguu na viatu. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuupiga picha ukuta wenyewe, wala Zeddy mwenyewe, na alilia kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote.

Basi Naftaly akajaza alivyoweza. Aliandika kwamba marehemu aliolewa miaka ya themanini, alikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mpenda watu, na ameacha mume na watoto wawili. Yalikuwa maneno yale yale yaliyosomwa mwezi uliotangulia kwenye mazishi ya mtu mwingine kabisa, na kwa haki ya Mungu hayakuwa uongo. Ila mtu angeweza kuyasoma yote asijue ni nani aliyekufa.

Ijumaa asubuhi pikipiki ilisimama getini, akashuka mama mnene mwenye koti la mvua na leso kichwani. Alikuwa Rahab, aliyekuwa jirani yao wa ua kwa ua hadi mwaka wa vurugu za uchaguzi, nyumba yake ilipochomwa naye akaondoka na watoto na kiondo kimoja. Siku hizi anawapikia madereva wa malori chai na githeri kando ya barabara Mai Mahiu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga tena Keringet. Alikuwa akiongea na Cheruto kwa simu tu, kila Jumapili baada ya kanisa.

"Mama Kabiru," Kimeli alisema, akamshika mikono yote miwili.

"Baba Micah. Pole. Pole sana, baba."

Walilia pamoja bila haraka. Kisha Rahab akajipangusa kwa ncha ya leso, akatazama huku na huku kwa uso wa mtu aliyeahidiwa kitu.

"Haya, nionyesheni. Cheruto aliniambia amenichora. Alisema, 'Uko na kiondo chako, lakini umenipa mgongo. Siku ukirudi nitakugeuza uso.' Kila Jumapili ananiambia hiyo maneno, tunacheka. Sasa niko wapi?"

Micah alitazama chini. Zeddy alimpa programu iliyotoka kuchapishwa. Rahab akavaa miwani, akasoma polepole akifuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho akarudi juu mstari mmoja.

"Watoto wawili?" akauliza. "Na Chelangat?"

"Chelangat ni nani?" Micah akauliza.

Rahab alimtazama Kimeli. "Hamkuwaambia?"

Mzee alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Hatukuweza," alisema. "Mama yao alisema yuko ukutani, inatosha. Akasema kila mtu anayeingia kwa nyumba yangu anampita."

Ndipo Rahab akaeleza, maana ndiye aliyempokea mtoto yule mikononi na ndiye aliyekuwapo alipokata roho. Alizaliwa baada ya Micah na kabla ya Zeddy. Aliishi miezi minne. Homa ilimshika wakati wa mvua kubwa, barabara ya kwenda hospitali ikawa mto, na asubuhi hakuamka.

"Tulikuwa tunataka kumfunika," Rahab alisema. "Cheruto akasema ngojeni. Akaenda akakanda udongo. Akaupaka hapa chini kabisa, kando ya mlango, akachukua huo mkono mdogo akaugandamiza. Akaushikilia kidogo. Halafu akasema, sasa mfunikeni."

Micah alikijua kile kialama. Kilikuwa kishimo kidogo chenye vidole, karibu na kizingiti, mahali mtu anapoinamia kuvua viatu. Alipokuwa mdogo alikuwa akitia kidole gumba humo kwa mchezo, na mama yake alikuja kila mara akamtoa mkono bila kumkaripia. "Hapo pana mtu," alikuwa akisema. Yeye alidhani anamtisha tu, kama kusema humo mna buibui.

Alitoka akiwa na suruali yake ya kazini, akatembea hadi getini, akapiga magoti kwenye udongo ulioshindiliwa, akaanza kuchimbua kwa kucha.

Zeddy alimtazama kwa muda. Hakuwa amemsamehe. Lakini alienda jikoni akaleta karai la mama yao na kijiko, akachuchumaa upande wa pili. Walipata pembe ya ng'ombe. Walipata mguu wa punda na kona ya kitabu. Rahab naye aliinama kwa taabu, akapata kipande chenye kamba ya kiondo na bega la mwanamke, akakifunga ndani ya leso. Vingi vilikuwa vimelowa na kurudi kuwa matope tu.

Micah alimpigia fundi simu. "Odongo, ile sehemu ya chini, kando ya mlango. Uliigonga ikavunjika?"

"Hapana, boss. Hiyo ilikuwa ngumu, ilitoka nzima. Niliitia kwa wilibaro hivyo hivyo."

"Ukaimwaga wapi?"

"Si hapo getini? Lakini upande gani, sijui. Nilileta wilibaro karibu thelathini."

Walichimbua hadi saa kumi, mvua ikaanza tena. Mkono hawakuupata.

Jumamosi saa nne gari la mochari lilipanda kutoka barabara kuu, nyuma yake magari saba. Micah alikuwa amesimama katikati ya geti na suti yake nyeusi. Dereva alipiga honi kidogo, kwa heshima. Micah hakusogea.

Mzee Naftaly alikuja mbio kutoka hemani. "Micah! Mama yako amefika. Fungua njia!"

"Hakuna gari inapita hapa, mzee."

"Hii ni aibu gani unatuletea? Bosi wako ndiye huyo nyuma!"

Bosi mwenyewe alikuwa ameshateremsha kioo. "Pole sana, Micah," alisema. "Tunaingilia wapi?"

"Acheni magari barabarani, bosi. Mpite hapa kando, kwa shamba la viazi."

"Si uliniambia pa kuingilia ni pazuri? Huko ni matope."

"Ndiyo, bosi. Ni matope."

Aibu ilimchoma Micah masikio, sitasema haikumchoma. Alikuwa amefanya yote wiki ile ili viatu vya mtu huyu visiguse matope. Bosi alimtazama, akaona kitu usoni mwake, akazima gari. Alikunja suruali mara mbili na kuingia katikati ya viazi, na wengine wakamfuata wakinung'unika. Mheshimiwa alifika baadaye, akaangalia viatu vyake, akakumbuka kwamba ana mazishi mengine. Jeneza lilibebwa na vijana sita wakipita kando ya ua, wakiteleza, Zeddy akitembea mbele yao kuwaonyesha pa kukanyaga.

Ibada ilipofika kwenye historia ya marehemu, Micah aliitwa. Alisimama na programu mkononi, nyuma yake ukuta wa rangi ya krimu uking'aa. Alisoma jina la mama yake na mwaka wa kitambulisho. Alisoma mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Kisha akaikunja karatasi.

"Mama yangu alikuwa mchoraji," alisema. "Wengi wenu mliona ukuta wake. Mimi niliwahi kumkana mbele ya wageni, nikasema ni watoto wa jirani. Nilipoanza shule sikuwa na viatu. Alinichora hapa na viatu. Nikamwambia, Mama, sina viatu. Akasema ukutani unavyo, subiri vishuke. Aliuza kuku wake wote kabla ya muhula kuisha." Aligusa plasta nyuma yake. "Jumatano niliubomoa ukuta huo ili nyinyi msinicheke. Hii karatasi inasema ameacha watoto wawili. Si kweli. Alizaa watatu. Wa pili ni Chelangat. Mama aliweka mkono wa huyo mtoto kwa ukuta siku alipokufa, ukakaa hapo miaka yote, na mimi nikaubeba kwa wilibaro nikaumwaga getini ili magari yenu yaukanyage. Sijaupata. Yuko pale bado."

Watu mia tatu waligeuka kwenye viti vyao wakatazama getini. Palikuwa na udongo tu, umelowa, una alama za magoti. Bosi alikuwa ameanza kujipangusa kiatu kwa karatasi ya shashi. Aliacha, akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni.

Mzee Kimeli alisimama polepole mstari wa mbele. Rahab alitaka kumshika mkono, lakini mzee akamwonyesha asimshike. Alielekeza uso getini.

"Chelangat," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mzazi anayemwita mtoto aingie ndani kwa sababu mvua inakuja. Zaidi ya miaka thelathini hakuwa amelitamka jina hilo. "Chelangat, mama yako amefika."